Kamera Iliyowajua Ng'ombe wa Baba

Ukitaka kunikasirisha mpaka nisusie chakula, niambie kamera yangu ni ndogo. Nimeambiwa hivyo Musoma na mama wa bibi harusi aliyeshika kiuno, nimeambiwa Bunda kwenye kipaimara, na nimeambiwa nyumbani kwetu, wilaya ya Butiama, na ndugu zangu wa tumbo moja. "Dada, kamera yenyewe iko wapi?" wanauliza, na mimi nimeishika mkononi. Kwa watu wa kwetu kamera ni ile inayokaa begani, inayomfanya mpigaji atembee upande upande, yenye taa ya kupofusha maharusi. Hiyo ndiyo kamera. Nyingine zote ni za kupigia picha za paspoti.

Mimi ni mpiga video. Nina chumba cha studio Musoma mjini, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na kazi zangu ni harusi, mahafali na misiba. Misiba ndiyo mingi. Kwa miaka mingi nilikuwaga na kamera moja kuukuu ya picha za kawaida ambayo inarekodi na video, mlango wa betri nimeufunga na mpira wa pesa, ule wa kufungia noti. Ilinipa ugali, siwezi kuitukana sana. Lakini jua la kwetu unalijua. Mtu akisimama chini ya turubai saa sita mchana, ama uso wake unakuwa giza huoni hata pua, ama ukimwongezea mwanga, nyuma yake kote kunaungua, kunabaki kweupe hakuna mti wala nyumba. Lazima uchague mtu au mahali. Na wateja wangu ni weusi, tena weusi wa kung'aa. Waliotengeneza kamera zile za bei rahisi hawakutufikiria sisi hata dakika moja, nasema bila kumung'unya maneno.

Kilichonitia wazimu wa kutafuta kamera ya maana, kamera ya sinema kabisa, ni video ya harusi ya kaka yangu mkubwa.

Harusi yenyewe ilikuwa zamani kidogo. Mimi nilikuwa nimeshaolewa Musoma, ng'ombe wangu wa mahari wamefika nyumbani, na kaka akaoa kwa ng'ombe hao hao, ndivyo inavyokuwaga kwetu. Sikununa. Dada akiolewa, kaka anapata mke, basi. Video aliipiga mzee mmoja wa Nyasura, pale Bunda, mwenye kamera ya begani, maarufu sana, hakuna harusi ya wakubwa aliyoikosa. Haukupita muda mrefu mama yetu akafariki.

Sasa mwaka mmoja baba alikuja Musoma kwa ajili ya presha, akakaa kwangu wiki kadhaa. Jioni moja akaniambia, "Mama, niwekee ile harusi ya kaka yako nimwone mama yenu." Baba alikuwaga ananiita mama, kama wazee wengi wanavyowaita binti zao. Nikaweka. Akasogeza kiti mpaka karibu na televisheni, mikono kwenye magoti.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama, baba. Hapo anacheza na shangazi."

"Uso wake uko wapi?"

Uso haukuwepo. Kulikuwa na kitenge cha njano kinachocheza, kilemba juu, na katikati doa jeusi. Kila mahali mama alipotokea ilikuwa hivyo hivyo. Alipoingia ndani ya ukumbi, ile taa ya mzee wa Nyasura ikampiga akawa bapa, anang'aa kipaji cha uso tu. Baba aliangalia mpaka mwisho, na mwisho kabisa akajiona mwenyewe anapita na kofia yake nyeupe ya sherehe, na chini ya kofia hakuna mtu. Mama hakuacha picha nyingine zaidi ya ile ya kadi ya kura, nayo imekwanguka.

"Mimi usije ukanifanya hivi," baba akaniambia. Halafu akauliza kamera inayoona watu inauzwa wapi.

Nilicheka, lakini roho iliniuma. Nikamwambia zipo, ila bei zake si za mchezo, na zenyewe hazifanani. Nilikuwa nimeshaangalia kwenye simu Wazungu wakizilinganisha, mpaka bando linakata. Wanamweka dada mweupe kwenye chumba kizuri, ameshika kadi yenye vibao vya rangi, wanasema hii inakula mwanga vizuri, hii inatoa chenga gizani. Inanisaidia nini mimi? Niambie kamera gani itamwona mama mwenye kilemba chini ya turubai la bluu, saa saba mchana, Buhemba. Hapo hakuna aliyejibu.

Baba ndiye aliyesema tupime wenyewe nyumbani. "Tupime kwa ng'ombe," akasema. "Mtu ukimpiga picha anajirekebisha. Ng'ombe hana habari na wewe."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Kwa lugha ya nyumbani kila rangi ya ng'ombe ina jina lake, na ukija na Kiswahili unabaki na mwekundu, mweusi, wa mabaka, unajiona mjinga. Kati ya ng'ombe wake baba alikuwa na wawili, mama na mtoto wake, ambao kwa macho yangu mimi wa mjini walikuwa wekundu wote, basi. Yeye alikuwa anawatofautisha wakiwa bado ng'ambo ya korongo. Yule mama, wekundu wake ulikuwa na moshi kidogo kwa chini, kuelekea tumboni. Mtoto hakuwa na moshi. "Kamera ikinionyesha huo moshi," baba akasema, "hiyo ni kamera."

Basi nikakusanya kamera tatu, tukakutana nyumbani Jumamosi moja ya kiangazi. Ya kwanza ni yangu ya mpira wa pesa. Ya pili ni ile ya begani, na ilikuja na mwenyewe mzee wa Nyasura, maana hakuwaga anaiachia mkono wa mtu. Alikuja na kizibao chake cha mifuko mingi, akanywa chai, akasema hajawahi kuitwa kupiga ng'ombe lakini hela ni hela. Ya tatu nilikodi kwa mwenzangu wa Mwanza, ikaja na basi imezungushiwa blanketi. Hiyo ndiyo ya sinema. Ilikuwa nyeusi, ya pembe nne, haizidi tofali la kuchoma lililokatwa nusu.

"Ndiyo hii?" kaka akauliza. Alikuwa ametoka Buhemba kwenye shimo lake la dhahabu, amekuja kusalimia. "Hii si unaweza kuisahau kwenye pochi?"

Tukapiga. Kila kamera iliwapiga wale ng'ombe wawili mahali pamoja, halafu ikampiga baba amekaa mlangoni, nusu yake ndani kwenye giza la nyumba, kofia nyeupe kichwani, na uani nyuma yake jua linawaka. Sehemu ngumu kuliko zote. Na kila nilipomaliza aliuliza neno hilo hilo.

"Mama, umeniona?"

"Nimekuona, baba."

Nitasema haki, kwa sababu watu wa kazi yangu wanapenda kutia chumvi. Ile ya begani ilikuwa na raha yake. Unaiweka begani inatulia, zumu yake inakwenda taratibu inarudi taratibu, sauti inaingia safi, betri inakaa siku nzima. Ile tofali ilinitesa. Inakula betri, ina feni ndani inanguruma, haijui kutafuta fokasi yenyewe, lazima uzungushe lensi kwa mkono, na mafaili yake ni mazito mpaka laptopu yangu ikawa inaguna. Juu ya hayo yote, picha yake inatoka imefifia, rangi ya majivu. Imefanywa makusudi, ili rangi uje kuzitoa mwenyewe baadaye kwenye kompyuta, lakini nani alimwambia baba? Nilipomwonyesha vile vile mbichi, aliruka kwenye kiti.

"Ng'ombe wangu wanaumwa?"

Mzee wa Nyasura alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mcheshi, sitaki kusema uongo. "Dada," akaniambia, "wewe unasumbuka bure. Mteja wa huku halipii picha. Analipia watu wamwone anapigwa picha." Nilimkasirikia, na alikuwa amesema kweli tupu.

Kesho yake, baada ya misa, nikawa nimeshazitoa zile rangi. Tukakaa kivulini nyuma ya jiko, laptopu juu ya kinu kilichopinduliwa. Ya kwangu ya zamani baba aliipenda kwa sababu moja tu, ilimficha mapengo. Kwenye ya begani akaangalia ng'ombe, akaniuliza, "Mbona umempiga mmoja mara mbili?" Hawakutofautiana kabisa, na yeye mwenyewe pale mlangoni alikuwa kofia inayoelea. Nikaweka ya tofali.

Hakungoja. "Huyu mama. Huyu mtoto." Akaonyesha kwa kidole ule moshi wa tumboni, nami nikauona kwa mara ya kwanza maishani, jamani, nimekua na ng'ombe wa namna hiyo sijawahi kuuona. Akaona na kupe sikioni mwa yule mtoto, akamtuma mtu akamtoe saa ile ile. Halafu ikaja zamu yake. Pale mlangoni uso wake wote upo, kovu la kwenye nyusi, macho yaliyoanza kuwa ya njano, na nyuma yake ua upo, kuku wapo, hata zizi linaonekana. Akapapasa lile kovu kwa kidole.

"Kumbe nimezeeka hivi," akasema.

Nilikuwa nimewasha tena ile tofali, nimeiweka juu ya kiti inarekodi, nijue inavyofanya kivulini. Kwa hiyo yote yaliyofuata yamo ndani. Baba anavua kofia, anaivaa tena, anasema: "Nitamuuza yule dume mweupe. Uchukue hii, mama. Ni yako. Kaka yako alioa kwa ng'ombe wako, na wewe chukua wako mmoja." Mimi sionekani, nasikika tu nalia kijinga nyuma ya kamera.

Dume akaenda mnadani. Nikaongezea akiba yangu yote na cherehani niliyouza, nikaagiza. Kaka aliposikia alikuja Musoma mpaka studio, amesimama mlangoni haketi. "Dume mzima amekwenda kwa ajili ya kidude hiki?" Nikamwambia aingie nimwonyeshe picha. Hakuingia.

Na ile kamera ilinifanyia kazi, haki ya Mungu. Sisemi nilitajirika. Nilikuwa bado naulizwa kamera iko wapi. Lakini akina mama walianza kuja wenyewe, wale ambao wameona msiba wa jirani yao kwenye televisheni wakajitambua. Mmoja wa Nyasho alirudi siku mbili baadaye kunishukuru kwa sababu mtoto wake aliye nje ya nchi amemwona analia na machozi yanaonekana. Mambo ya ajabu ya kushukuriwa, lakini ndiyo kazi yangu. Nilijiona mtu.

Baba akafariki kipindi cha masika, presha ile ile, bila kuaga. Nilifika nyumbani na begi la kamera begani, nikiwa sijui kama nitaweza kupiga, lakini nikikumbuka baba aliniomba nisimwache bila uso. Kaka akanipokea langoni.

"Wewe ni mfiwa, kaa na wanawake wenzako," akasema. "Nimeshamwita mzee wa Nyasura. Wageni wanatoka mpaka Tarime, watatuonaje tukimzika mzee na hicho kidude?"

Sikuwa na nguvu ya kugombana mbele ya jeneza. Nikakaa kwenye mikeka. Nikamwona yule mzee akipita upande upande na kizibao chake, taa imewaka mchana kweupe, na kila alipopita watu walinyoosha shingo na kukaza kilio. Alinipa pole kwa mikono miwili. Sina ugomvi naye hata leo.

Matanga yalipoisha kikakaa kikao cha ukoo kugawa vitu vya marehemu. Mwenyekiti alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba wa mwisho, mtu mpole mwenye sauti ndogo. Wanaume kwenye viti, sisi wanawake pembeni, shangazi yetu karibu na mlango. Walipomaliza ng'ombe na shamba, kaka akasimama. Akasema kuna dume mweupe hajahesabiwa. Dume huyo yupo hai, yupo Musoma, amegeuzwa kamera. Kwa hiyo kamera ni ng'ombe wa mzee, na ng'ombe wa mzee ni wa ukoo, na dada ameolewa, kitu cha ukoo hakiwezi kulala kwa wakwe.

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nikaomba ruhusa kusema, nikapewa, nikasema sitabishana, mzee atasema mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa. Sebuleni kulikuwa na televisheni ambayo kaka alikuwa amewaonyeshea wageni video ya mazishi asubuhi ile, na bado ilikuwa pale pale inaendelea, watu weusi bila nyuso wanazunguka kaburi, mbingu imeungua. Nikachomoa waya wa kaka, nikachomeka wa kwangu.

Wakatokea wale ng'ombe.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Halafu mzee mmoja nyuma akasema, "Si ni yule wa moshi?" Mwingine akasema mtoto wake ni yule wa kulia. Wakaanza kusogeza viti. Wakawa wanawataja kwa majina ya rangi zao, wanabishana kwa furaha, wamesahau kama ni kikao. Halafu akaja baba. Amekaa mlangoni mwa nyumba ile ile tuliyokuwa ndani yake, kofia nyeupe, kovu la nyusi. "Mama, umeniona?" akasema, na shangazi akapiga yowe. Akaja mpaka mbele akaweka kiganja kwenye kioo cha televisheni, juu ya shavu la kaka yake. Kaka yangu mwenyewe, na ubishi wake wote, aliinamisha kichwa mabega yakamtikisika.

Ikaja na ile sehemu ya kivulini. Baba akayasema maneno yake yote. Nitamuuza dume. Uchukue hii. Ni yako. Yalisikika vizuri kuliko mtu aliyesimama pale ndani. Nikazima. Nikakaa. Nilijua nimeshinda, sioni aibu kusema, nilishajipanga niondoke na daladala la saa ngapi.

Baba mdogo alipangusa macho kwa leso muda mrefu. Wenzake wakamnong'oneza, naye akawanong'oneza. Kisha akasimama.

"Binti yetu," akasema, "sisi hatukujua. Tulidhani ni kidude cha kuchezea. Leo tumeona. Umemrudisha ndugu yangu hapa ndani nikamwona mpaka kovu nililomtia mimi tukiwa watoto."

Nikaitikia, "Ndiyo, baba."

"Sasa kitu cha namna hii," akasema kwa ile sauti yake ndogo, "kinawezaje kutoka kwenye ukoo?"

Nilifikiri sijasikia. Nikasema baba amesema ni yangu, mmesikia wenyewe kwa masikio yenu. Akasema wamesikia. Akasema mzee alisema hivyo akiwa hai, na alikuwa ananipenda, na hakuna anayekataa. Lakini hai ni hai. Sasa ukoo ndio unaosema, na ukoo umeona thamani yake. Itakaa kwa mtoto mkubwa wa kiume. Nikiwa na kazi nitaiomba, nitapewa, mimi si mtu wa nje. Halafu mmoja wa wale wazee, wala hakuwa na ubaya, akaniomba nirudishe kidogo pale kwenye ng'ombe.

Laiti ningewaonyesha picha mbovu! Laiti ningewawekea ile ya mpira wa pesa, wangesema mpe kidude chake aondoke nacho. Niliwaonyesha kitu kizuri, nilichokipima na baba mpaka tukakipata, na kwa uzuri wake ndiyo wakanipokonya. Nililia pale pale mbele yao kwa hasira, wao wakadhani namlilia baba, wakanipa pole.

Kaka aliondoka nayo na begi lake, na lensi, na chaji. Niliiomba mara mbili kwa ajili ya kazi. Mara ya kwanza hakuwa na nafasi, mara ya pili simu haikupokelewa. Nikafunga tena mpira wa pesa kwenye ile ya zamani.

Habari zake nilizipata kwa njia ambayo hata ungenilipa nisingeitunga. Mzee wa Nyasura alinipigia simu. "Dada," akasema kwa unyenyekevu, "hii kamera yako, picha inatoka majivu majivu. Mimi nafanyaje?"

Nikamuuliza kamera yangu gani.

Kumbe kaka alikwenda Bunda mwenyewe, akaomba wabadilishane. Alikuwa amejaribu kupiga nayo harusi ya rafiki yake wa Buhemba, watu wakamcheka, wakamwuliza kamera iko wapi. Ameona bora ya kuonekana. Akatoa ile ya baba, akapokea ile ya begani, na wakapeana mikono. Kwetu ukimtoa dume unapewa mtamba, watu wanafurahi kwa sababu mtamba atazaa. Kaka yangu mimi alimtoa mtamba akaondoka na dume mzee asiye na meno. Na ile ya begani inatumia mikanda ambayo siku hizi hata ukiitafuta Mwanza nzima huipati, yule mzee alikuwa anatumia mabaki ya kwake. Alimwambia kaka hivyo. Kaka akasema atapata.

"Dada, bado upo?" mzee akauliza kwenye simu.

Nilikuwepo. Nikamwelekeza. Nilimwambia fungua hapa, punguza hapa, nyeusi zikae hapa, halafu ngozi za watu usizipake wekundu, ziache. Nilimwelekeza kila kitu, kwa sababu kulikuwa na harusi ya mtu kwenye ile kadi na maharusi hawakunikosea kitu. Akanishukuru sana. Akasema haki ya Mungu macho yake yamefunguka uzeeni. Sasa hivi anapata kazi zote za Bunda, na watu wake wanaonekana vizuri, nimeziona. Hata ile "kamera iko wapi" hawamwulizi, kwa sababu ni yeye.

Mwaka ulipotimia ukoo ukaandaa misa ya kumbukumbu ya baba, na chakula. Kaka akaja studio. Safari hii aliingia, akaketi. Alikuwa amekonda, shimo lake la Buhemba lilikuwa limejaa maji. Akaniambia wazee wanataka kumwona tena mzee na ng'ombe wake, siku ya misa, wanamsumbua kila siku kwa simu. Baba mdogo hasa.

"Tuwekee ile, dada."

Nilimwangalia. Nilingoja aseme kitu kingine. Sikutaka mengi, wala sikutaka anirudishie, ningerudishiwa nini na imeshakwenda? Nilitaka aseme tu, ile kamera ilikuwa yako. Maneno manne. Akapangusa jasho, akaangalia saa.

"Ile ilikuwa ndani ya kamera," nikamwambia. "Si mliitoa nayo."

"Imefutika?"

"Imefutika."

Aliufunika uso kwa mikono. Nilimwonea huruma, na nilifurahi, vyote viwili kwa pamoja, na sitasema mimi ni mtu mzuri. Haijafutika. Ninayo kwenye diski, na nyingine kwenye diski ya pili, hiyo ndiyo kazi yangu.

Siku ya misa nilibeba ile diski kwenye mkoba. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilikuwa nimejiambia kwamba akitokea mtu mmoja, yeyote, hata shangazi, akasema mbele za watu kuwa binti huyu alionewa, nitaitoa, nitaichomeka, na wamwone mzee wao mpaka washibe. Tukala. Baba mdogo akashukuru wote waliochangia, akanitaja na mimi kwa kreti za soda. Watoto wakatulizwa, pazia likafungwa, na kwa kuwa hapakuwa na picha nyingine ya baba anayetembea, kaka akaweka video ya harusi yake.

Kitenge cha njano kikacheza. Ukumbi, keki, watu. Baba mdogo alikuwa amekaa mbele yangu, amekunja macho, anasogea mbele kila mtu akipita.

"Mzee ni yupi hapo?" akauliza.

"Huyo," kaka akasema. "Huyo mwenye kofia."

Mkoba ulikuwa mapajani kwangu. Nikaufunga zipu.